Ndugu, Mjakazi na Kivuko: Visa vya Mababu wa Kitabu cha Mwanzo Vikisomwa kutoka Ujiji na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala hii inachunguza visa vya mababu wa Israeli katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 12 hadi ya 36, kwa kuvisoma sambamba na kumbukumbu za kihistoria za Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hoja yake ni kwamba, katika umbo la visa hivyo lililopo, ugomvi wa kifamilia na kukutana na Mungu havitenganishiki: anayekutana na Mungu ni yule ambaye nyumba imemtoa nje au imemfanya mkimbizi. Ushahidi unatokana na msamiati wa ukoo na utumwa katika tafsiri za Kiswahili, simulizi la asili ya ziwa lililorekodiwa mwaka 1876, tawasifu ya Tippu Tip, habari za rasi ya Kabogo, na utafiti kuhusu masimulizi ya wakimbizi wa Kirundi. Makala inahitimisha kwamba historia ya Ujiji inamwezesha msomaji wa Kiswahili kuona swali la urithi ambalo tafsiri zilizozoeleka zimelifunika.

1. Utangulizi

Mwaka 1878 yalitokea mambo matatu ambayo wahusika wake hawakujua kuwa yangeweza kuhusiana. Mjini Berlin, Julius Wellhausen alichapisha kitabu chake kuhusu historia ya Israeli, akidai kwamba visa vya mababu haviwezi kutupa habari za zama za mababu wenyewe, bali vinafichua hali ya zama ambamo vilisimuliwa. Mjini London, Henry Morton Stanley alichapisha habari za safari yake ya pili barani Afrika, na ndani yake akatia simulizi la Wajiji kuhusu asili ya Ziwa Tanganyika. Mwezi Agosti wa mwaka huohuo, wamisionari wa London Missionary Society, Edward Coode Hore akiwa mmoja wao, waliwasili Ujiji wakiwa na Biblia ambayo ndani yake mlikuwamo visa vilevile alivyovijadili Wellhausen.

Ujiji waliyoikuta haikuwa mahali pageni kwa jina la Ibrahimu. Ulikuwa mji wa wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani na Uarabuni, chini ya wakubwa kama Mwinyi Kheri, na pia wa Wajiji wenyeji, wavuvi, wachuuzi wa chumvi ya Uvinza, wapagazi, na watu wengi waliotoka Manyema ng'ambo ya ziwa, baadhi yao wakiwa huru na wengine wakiwa mateka. Waislamu wa mji huo walikuwa tayari na Ibrahimu, Ismaili, Is-haka na Yaakub. Kwa hiyo swali la kihistoria si jinsi visa vya Mwanzo vilivyofika mwambaoni, bali ni jinsi visa vya namna mbili kuhusu nyumba moja vilivyokutana mahali ambapo suala la nani ni mwana na nani ni mtumwa lilikuwa suala la kila siku.

Lugha yenyewe ilikuwa imetayarisha mkutano huo. Kitabu cha Mwanzo ndicho ambacho Johann Ludwig Krapf alianza kukitafsiri kwa Kiswahili mjini Mombasa mwaka 1844, na sura zake tatu za mwanzo zikachapishwa mwaka 1847. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ilipokea majina ya Ibrahimu, Yusufu na Musa katika sura iliyozoeleka kwa Waswahili Waislamu, lakini ikaandika Isaka, Ishmaeli na Yakobo kwa sura nyingine. Matokeo yake ni kwamba, katika tafsiri hiyo, babu anaonekana kuwa wa wote, ilhali wanawe wamegawanywa hata kwa matamshi.

2. Siri ya nyumba na chanzo cha maji

Simulizi alilolisikia Stanley Ujiji mwaka 1876 linaanza kabla ya kuwapo ziwa. Mahali pa maji palikuwa na uwanda wenye watu wengi. Mume na mke walimiliki kisima kirefu chenye samaki wengi, nayo siri ya kisima hicho ilirithiwa ndani ya nyumba yao na haikupaswa kujulikana nje. Mume aliposafiri kwenda Uvinza, mke alimwonyesha mpenzi wake kisima. Mpenzi alipomgusa samaki, maji yalifoka, ardhi ikapasuka, na watu wote wa uwandani wakaangamia. Mume aliporudi alikuta ziwa.

Simulizi hilo limepita kwa wakalimani na kwa kalamu ya mgeni, kwa hiyo haliwezi kuchukuliwa kuwa maneno halisi ya Wajiji. Hata hivyo, muundo wake uko wazi. Jiografia yote ya eneo inaelezwa kwa ufa uliotokea ndani ya nyumba moja. Hermann Gunkel, katika ufafanuzi wake wa Mwanzo wa mwaka 1901, aliviita visa vya namna hii visa vya asili, yaani vinavyojibu swali la kwa nini kitu fulani kipo. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Ziwa lingeweza kuelezwa kwa mvua, kwa tetemeko au kwa hasira ya mzimu. Wasimulizi walichagua uaminifu wa ndoa na urithi wa siri, kwa sababu hayo ndiyo waliyoyaona kuwa nguzo za dunia yao.

Visima vya Mwanzo vinafanya kazi hiyohiyo. Rebeka anaposwa kisimani, na Yakobo anakutana na Raheli kisimani. Katika sura ya 26, wachungaji wa Isaka na wa Gerari wanagombania visima, na majina ya visima viwili, Eseki na Sitna, yanahifadhi ugomvi na uadui huo, hadi kisima cha tatu, Rehobothi, kinapoleta nafasi. Hajiri naye anakutana na malaika penye chemchemi jangwani. Tofauti iko kwenye hatima. Katika simulizi la Ujiji, siri inapovuja watu wote wanakufa, na mwanamke anabeba lawama bila kupewa nafasi ya kusema. Katika Mwanzo, nyumba inapopasuka watu wanatawanyika badala ya kuangamia, na mwanamke aliyetoka nje ya nyumba anasikilizwa. Msomaji anayeanza na simulizi la ziwa huona upesi kwamba jambo la pili lilikuwa uamuzi wa wasimulizi, si kawaida ya visa vya kale.

3. Hajiri: mjakazi au suria?

Kiebrania cha Mwanzo kinamtaja Hajiri kwa maneno mawili tofauti: sura ya 16 inatumia shifha, sura ya 21 inatumia ama. Wachambuzi wengi wameitumia tofauti hiyo kama dalili ya vyanzo viwili. Union Version imeyafunika maneno yote mawili kwa neno moja, mjakazi. Neno suria limo katika tafsiri hiyohiyo, lakini limetengwa kwa watu wengine, kama vile masuria wa Ibrahimu katika sura ya 25 na Bilha katika sura ya 35.

Kwa mkazi wa Ujiji wa karne ya 19, tofauti kati ya mjakazi na suria ilikuwa ya kisheria. Mjakazi alikuwa mtumwa wa kike. Suria alikuwa mjakazi aliyeishi na bwana wake kama mke bila ya nikahi. Kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, mtoto ambaye suria alimzalia bwana, na bwana akamkubali, alizaliwa huru, akabeba nasaba ya baba yake, na akarithi sawa na ndugu zake waliozaliwa na mke wa ndoa. Mama yake hakuweza kuuzwa tena, na bwana alipofariki alikuwa huru.

Mwanzo 16:3 inasema kwamba Sarai alimtoa Hajiri kwa Abramu awe mkewe. Kwa kipimo cha Ujiji, basi, Hajiri wa sura ya 21 si mjakazi tu. Ni mama wa mwana wa bwana. Hapo ndipo dai la Sara, kwamba mwana wa mwanamke huyu asirithi pamoja na mwanawe, linapata uzito wake. Kama Ishmaeli asingekuwa na haki yoyote, Sara asingekuwa na sababu ya kudai afukuzwe. Dai lenyewe ni ushahidi wa haki inayofutwa. Neno mjakazi linaificha hoja hiyo kwa sababu linamfanya msomaji aone mtumishi aliyevuka mipaka yake, badala ya mrithi anayenyang'anywa.

Katikati ya karne ya 20, wataalamu kama E. A. Speiser walijaribu kueleza kisa hiki kwa mikataba ya Nuzi, huko Mesopotamia, ambamo mke tasa aliweza kumpa mumewe mtumwa wa kike ili amzalie watoto. Thomas L. Thompson mwaka 1974 na John Van Seters mwaka 1975 walionyesha kwamba ulinganisho huo hauwezi kuthibitisha kuwa visa ni vya milenia ya pili kabla ya Kristo, kwa kuwa desturi za namna hiyo zilidumu kwa muda mrefu na mahali pengi. Ulinganisho na Ujiji hauna dai la tarehe. Unaonyesha tu aina ya swali la kisheria ambalo kisa kinalibeba.

Hata hivyo, neno suria nalo halina usafi. Likitumiwa peke yake linaweza kulainisha jambo ambalo mwambao uliliona kwa macho. Wanawake wengi walioingia katika nyumba za Ujiji walitoka Manyema kwa nguvu. David Livingstone alirudi Ujiji Oktoba 1871 akiwa ameshuhudia, mwezi Julai, mauaji ya watu waliokusanyika sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Hivyo, mjakazi linataja dhuluma na kuficha haki. Suria linataja haki na kuficha dhuluma. Mfasiri hana neno moja la kumwokoa, na tanbihi ya mstari mmoja ingefanya kazi ambayo neno pekee haliwezi.

Mapokeo ya Kiislamu yanakishika kisa hiki kwa upande wa pili. Kurani haimtaji Hajiri kwa jina wala haisimulii ugomvi wake na Sara; inamnukuu Ibrahimu akiomba kwa ajili ya kizazi alichokiweka katika bonde lisilo na mimea (14:37). Wivu wa nyumbani, kiu ya mtoto, na mama akikimbia kati ya Safa na Marwa hadi Zamzam ilipobubujika, yamo katika hadithi iliyopokewa kwa Ibn Abbas na kuhifadhiwa na Bukhari. Kuhusu mwana aliyetakiwa kuchinjwa, aya za sura ya 37 hazitaji jina lake, na wafasiri wa mwanzo walihitilafiana. Tabari alimtaja Is-haka, ingawa rai iliyoenea baadaye ni ya Ismaili. Kwa hiyo, mpaka unaodhaniwa kuwa umewekwa tangu mwanzo kati ya wasomaji wa Ujiji Waislamu na jirani zao Wakristo ulichorwa hatua kwa hatua na wafasiri. Kinachobaki kwa wote ni kwamba mama aliyetolewa nje alipata maji. Katika Mwanzo anapata pia jambo la ziada: yeye, Mmisri na mtumwa, ndiye anayempa Mungu jina.

4. Ndugu, mjomba na nasaba ya kujitungia

Kiswahili kinaposhindwa katika kisa cha Hajiri, kinafanikiwa katika kisa cha Yakobo. Kiebrania kinatumia neno moja, ah, kwa ndugu wa tumbo moja na kwa jamaa wa mbali. Labani, ambaye ni mjomba, anamwita Yakobo kwa neno hilo (29:15). Neno ndugu lina upana uleule, kwa hiyo Labani wa Kiswahili anaweza kusema kweli na hila kwa pumzi moja. Anamwita ndugu, kisha papo hapo anauliza habari za mshahara. Miaka 14 ya kuwatumikia mabinti wawili na 6 ya mifugo inafuata. Undugu umegeuzwa kuwa ajira, na mpwa amekuwa mtumishi. Methali inayosema kikulacho ki nguoni mwako inatosha kuwa muhtasari wa sura ya 29 hadi ya 31.

Lakini Yakobo mwenyewe alifika kwa Labani baada ya kumhadaa baba yake. Mwambao unahifadhi kisa kinachofanana sana na hicho katika tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, ambayo matini yake ya Kiswahili ilichapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Mfanyabiashara huyu, ambaye washirika wake ni pamoja na Muhammad bin Khalfan wa Ujiji, aliyeitwa Rumaliza, anaeleza jinsi alivyopata mamlaka Utetela, magharibi ya ziwa. Alisikia habari za wanawake wawili wa ukoo wa watawala waliotekwa zamani. Akajitambulisha kwa mtawala mzee, Kasongo Rushie, kuwa ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee akampokea kama jamaa aliyerejea, akamwachia utawala.

Ulinganifu ni dhahiri: mzee, mgeni anayejivika nasaba, na madaraka yanayokabidhiwa kwa msingi wa utambulisho wa uongo. Tofauti, hata hivyo, ndiyo inayofundisha zaidi. Katika tawasifu, msimulizi ndiye aliyefaidika, na kisa kinasimuliwa kama ushindi wa akili. Sauti ya yule ambaye angerithi Utetela haisikiki. Katika Mwanzo 27, wasimulizi ni wana wa Yakobo, yaani waliofaidika, lakini wamemwacha Esau alie kwa sauti kuu hadi msomaji amhurumie. Taifa limehifadhi ndani ya hati yake ya nasaba kilio cha ndugu liliyemdhulumu. Wellhausen aliona katika Yakobo na Esau uhusiano wa Israeli na Edomu, na jambo hilo halina shaka kubwa. Lakini hati ya kisiasa tupu isingehitaji kilio hicho. Ingefuata njia ya Tippu Tip.

5. Kivuko: Kabogo na Yaboki

Mwaka 1871, njiani kwenda Ujiji, Stanley alisikia mngurumo kutoka mbali, akaambiwa ni Kabogo. Wenyeji walimweleza, kama alivyoandika mwaka 1872, kwamba ni mlima wenye mapango ng'ambo ya ziwa ambamo maji huingia na kunguruma, kwamba mitumbwi mingi ilipotelea hapo, na kwamba Waarabu na wenyeji hutupa majini nguo za merikani na kaniki pamoja na shanga ili kumtuliza mulungu wa ziwa. Neno mulungu linastahili kuangaliwa. Ni ndugu wa neno Mungu, ambalo Krapf na Steere waliliandika Muungu, na ambalo Biblia ya Kiswahili inalitumia kumtaja Muumba wa mbingu na nchi. Kwa msafiri wa ziwani, neno hilo liliweza kumaanisha mwenye mahali fulani anayedai ushuru wa kupita.

Maana hiyo ndiyo ambayo Gunkel, na baadaye James George Frazer katika kitabu chake cha mwaka 1918 kuhusu ngano katika Agano la Kale, waliiona nyuma ya Mwanzo 32. Yakobo anavuka kivuko cha Yaboki usiku. Mtu asiye na jina anashindana naye mieleka. Anataka kuondoka kabla ya mapambazuko. Anakataa kutaja jina lake. Kwa Frazer, huyu ni roho wa mto. Nabii Hosea, karne nyingi kabla yake, alimwita malaika (12:4). Mwanzo yenyewe inasema tu mtu, kisha inamwacha Yakobo aseme amemwona Mungu uso kwa uso.

Desturi ya Kabogo inaonyesha kile ambacho Frazer hakukiangalia vya kutosha, yaani mwelekeo wa sadaka. Msafiri wa Tanganyika anamtolea mwenye maji. Yakobo hautolei mto chochote. Zawadi zake, mifugo 550 bila kuhesabu wana wa ngamia, zimetangulia kwa Esau, kundi baada ya kundi, kwa maneno yanayofanana na ya mtu anayetuliza mzimu: atauona uso wake baada ya kumtuliza kwa zawadi. Anayeogopwa ni ndugu. Kisha, usiku, anashikwa na yule ambaye hakuandaliwa zawadi yoyote, naye hakubali kununuliwa. Anatoka na jina jipya na nyonga iliyoteguka. Asubuhi, akipokewa na Esau kwa kukumbatiwa, anasema kwamba kuuona uso wa ndugu yake ni kama kuuona uso wa Mungu (33:10).

Kauli hiyo ndiyo ufunguo wa hoja ya makala hii. Kama kisa cha Yaboki kingekuwa ngano ya roho wa mto iliyopachikwa katikati ya kisa cha ndugu wawili, maneno ya 33:10 yasingekuwa na kazi. Yanaunganisha uso wa usiku na uso wa asubuhi. Deni la Yakobo kwa ndugu yake na mieleka yake na Mungu vinamalizwa kwenye kivuko kimoja.

6. Uhamishoni

Wataalamu wengi wanakubali kwamba visa hivi, hata kama mizizi yake ni ya kale, vilipata sehemu kubwa ya umbo lake wakati wa uhamisho wa Babeli, baada ya kuanguka kwa Yerusalemu mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo, na baada yake. Mwambao wa Tanganyika una mfano wa karibu wa jinsi uhamisho unavyounda historia ya mababu. Liisa Malkki, aliyefanya utafiti kati ya mwaka 1985 na 1986, aliwalinganisha wakimbizi wa Kihutu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi na kuishi katika makazi ya Mishamo, katika Wilaya ya Mpanda ya wakati ule, na wenzao walioishi mjini Kigoma. Katika kitabu chake cha mwaka 1995 anaonyesha kwamba wa Mishamo walijenga masimulizi yenye mpangilio kuhusu asili yao, ya kihistoria na ya kimaadili kwa pamoja, wakijiona taifa lililo uhamishoni. Wa mjini hawakushikilia masimulizi ya namna hiyo. Waliishi kwa utambulisho zaidi ya mmoja, wakioana na kufanya kazi na jirani zao.

Ulinganisho huu una mipaka yake. Hata hivyo, unasaidia kuuliza Mwanzo ilihaririwa kwa moyo gani, wa Mishamo au wa Kigoma mjini. Jibu linaonekana kuwa ni yote mawili. Kuna mkono unaopanga nasaba, unaokataza kuoa binti za Kanaani, na unaomwondoa mwana wa mjakazi. Kuna mkono mwingine unaohifadhi baraka ya Ishmaeli, machozi ya Esau, na mazishi ambapo Isaka na Ishmaeli wanasimama pamoja kumzika baba yao (25:9). Wahariri hawakuufuta mkono wowote kati ya hiyo.

7. Hitimisho

Visa vya mababu vimetumika mara nyingi kama hati ya kuamua nani ni mwana wa nyumba na nani ni mgeni. Kwenye mwambao ambao wakazi wake wengi ni wazao wa wapagazi, mateka, wahamiaji na wakimbizi, matumizi hayo si jambo dogo, kwa maana karibu kila ukoo unaweza kukutwa upande wa Hajiri. Historia ya Ujiji inaonyesha kwamba matini yenyewe inapinga matumizi hayo kutoka ndani: dai la Sara linakiri haki linayoifuta, kilio cha Esau kinabaki katika kitabu cha wana wa Yakobo, na uso wa Mungu unatambuliwa katika uso wa ndugu aliyedhulumiwa.

Kwa taaluma ya tafsiri, matokeo ni ya moja kwa moja. Matoleo yajayo ya Mwanzo kwa Kiswahili yanahitaji kutofautisha shifha na ama, au angalau kueleza kwamba mama wa Ishmaeli alitolewa awe mke na kwamba urithi wa mwanawe ulikuwa ndicho kiini cha ugomvi. Msamiati wa kufanya hivyo upo tayari. Ulikuwa ukitumika Ujiji, katika nyumba zenye masuria na wana wao, kabla Hore na wenzake hawajatua mizigo yao.